Mtoto wa Bango Hasimami

Bi Hermelinda Jerez wa mji wa Tarija alijaliwa mtoto asiyeweza kusimama, na kwa bahati mbaya mtoto huyo alikuwa na vishimo mashavuni. Mtoto mlemavu asiye na vishimo huachwa na shida zake kwa amani. Mwenye vishimo hupigwa picha, na akishapigwa picha ya kupendeza, shida zake zinakuwa mali ya watu wengine.

Hermelinda mwenyewe hakuwa mtu wa picha. Alikuwa mama ntilie katika Soko la Wakulima tangu ana miaka kumi na minne, akiuza saice, ile nyama inayokatwa vipande vidogo vidogo ikapikwa na pilipili nyekundu na njegere, kisha ikapakuliwa juu ya viazi. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuita wateja walioko mtaa wa pili. Mumewe, Froilán, alivuka mpaka kwenda Argentina kuvuna zabibu mwezi mmoja kabla mtoto hajazaliwa. Zabibu zilivunwa, zikakamuliwa, zikawa divai, divai ikanywewa na chupa zikatupwa, na Froilán mpaka leo bado anavuna. Mchapakazi kwelikweli yule.

Mtoto, Zulema, alizaliwa magoti yamekunjika na nyayo zimegeukia ndani. Majirani, ambao hawakusomea udaktari lakini hakuna wasilolijua, walisema mama alitazama mwezi ukipatwa. Mama mkwe alisema ni damu ya upande wa mama, kwa sababu upande wa Froilán miguu yote ilikuwa mizima. Hapo hakusema uongo. Miguu ya Froilán ilimfikisha Argentina bila hata kupumzika njiani. Hermelinda hakujibizana nao. Alimfunga mtoto mgongoni kwa shuka la sufu akaenda zake sokoni, na akaendelea kumfunga hivyo mwaka baada ya mwaka, mpaka binti akafika miaka saba na mgongo wa mama ukaanza kulalamika kila alfajiri. Huko mgongoni Zulema alijifunza kutukana kama wapagazi, na kumtambua kwa mbali mteja ambaye sahani yake imejaa pomoni na bado ananung'unika kuwa nyama ni kidogo.

Daktari mmoja kijana wa zahanati ndiye aliyemwambia Hermelinda kuwa magoti ya namna ile hunyooshwa. Kila mwaka, mwezi wa Tano, walikuja mabingwa wa upasuaji kutoka ng'ambo, wakakaa wiki mbili, wakapasua watoto ishirini bure, wakaondoka. Ila ni lazima iwe kabla ya kutimiza miaka minane, daktari akasema. Baada ya hapo mifupa inashika ilivyo, na mtoto atakaa maisha yake yote. Zulema alikuwa anatimiza minane mwezi wa Nane. Basi ilikuwa ni mwezi wa Tano huo unaokuja, au isiwe tena. Hermelinda akauliza nani anayepanga hao ishirini. Daktari akashusha macho, akasema ni shirika la Mabawa ya Huruma.

Mabawa ya Huruma lilikuwa shirika la mabibi. Walivaa aproni za rangi ya mbingu, aproni ambazo hazijawahi kuona tone la mafuta, na walikutana kila Jumanne kunywa chai na keki kwa niaba ya watoto wenye shida. Waliifanya kazi hiyo kwa kujitolea, wengine mpaka wakanenepa. Mwenyekiti wao alikuwa Bi Perla Antezana, mke wa mwenye mashamba ya mizabibu, mama mwenye nywele zisizotikisika hata kwa upepo wa mwezi wa Nane. Bi Perla hakuwa mtu mbaya. Aliwapenda watoto walemavu kwa moyo wake wote, almuradi wabaki vile vile alivyowapenda siku ya kwanza.

Na Zulema alimpenda papo hapo. Hermelinda alikuwa hata hajamaliza kusema "orodha", Bi Perla ameshamshika mtoto kidevu, anamgeuzageuza uso kwenye mwanga, anawaita wenzake waje waone vile vishimo. Wiki ile ile Zulema alipewa kiti cha magurudumu kikubwa, cha mtu mzima, wangetosha yeye na mwenzake na bado ikabaki nafasi ya mbwa. Akapigwa picha akikipokea, akapigwa akishukuru, akapigwa tena akishukuru kwa kuwa mara ya kwanza alikuwa ametoa ulimi. Baada ya mwezi mmoja uso wake ulikuwa umebandikwa mji mzima: kituo cha mafuta, hospitalini, kwenye mzunguko wa barabara ya uwanja wa ndege. Chini ya picha waliandika kwa herufi kubwa: NISAIDIE NISIMAME.

Watu walisaidia, msiseme hawakusaidia. Walitoa mpaka vijiji vya mbali. Wateja wa Hermelinda walimpa pole na hongera kwa pamoja, na mmoja akauliza kama mama wa mtoto maarufu bado anauza chakula.

Kila Jumanne Hermelinda alipanda ngazi za ofisi ya Mabawa, mtoto mgongoni, maana kiti hakikuweza kupanda ngazi. Ofisi ya kusaidia walemavu ilikuwa ghorofa ya pili. Kila Jumanne Bi Perla alimbusu mashavu yote mawili na kumwambia, "Tutaangalia, mwanangu, tutaangalia." Hermelinda alishuka akiwa na matumaini na kipande cha keki.

Aliyemfungua macho ni Efraín, mpiga picha wa shirika, bwana mmoja mwembamba aliyekuja kula saice mwishoni mwa mwezi wa Kwanza. Hermelinda alimwambia kwa furaha kuwa anangoja orodha. Efraín akaacha kutafuna.

"Mama, kampeni ya bango hili ni ya miaka miwili," akasema. "Mtoto wa bango hasimami. Akisimama, bango linalala."

"Nani kasema hivyo?"

"Hakuna anayesema. Ila mimi nimewapiga picha watoto wanne wa bango kabla ya huyu wako. Wote bado wamekaa."

Hermelinda aliendelea kupakulia wateja, lakini viazi vikawa vinaangukia mezani. Hasira ilimpanda, kisha ikaja haya, maana keki zote zile alizila na alizisifu. Usiku huo hakulala. Kwenda kugombana na Bi Perla kusingefaa kitu: mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye aproni ya mbingu huwezi kumgombeza, mji mzima utasema asante ya punda ni mateke. Ilibidi apatikane kwa njia ambayo hawezi kuikataa.

Na Tarija njia hiyo ipo. Alhamisi ya mwisho kabla ya Karnivali ni siku ya komadre. Mwanamke humpelekea mwenzake kikapu cha matunda, mikate ya mviringo iitwayo rosketi, maua na matawi ya mrehani, kimepambwa kwa karatasi za rangi, kimetengenezwa kwa mikono yake. Mwenzake akikipokea mbele za watu, hao wawili ni komadre, ndugu wa kuchaguana, na undugu huo hauishi kwa talaka wala kwa kifo. Aliyepokea hurudisha kikapu mwaka unaofuata, tena kikubwa zaidi. Na jambo ambalo komadre analiomba juu ya kikapu halikataliwi. Anaweza kukataa mtu asiye na uso, lakini watu wa Tarija, maskini na matajiri, wote wanapenda kuwa na uso.

Hermelinda alikisuka kikapu siku tatu. Wenzake wa sokoni walipojua kinakwenda kwa nani, walimcheka kwanza, kisha mmoja akaleta mapichi, mwingine akaleta jibini ya mbuzi, muuza maua akaleta mrehani mzima na mizizi yake. Alhamisi alasiri uwanja wa mji ulijaa ngoma, zumari na wanawake wenye maua masikioni. Bi Perla alikuwa jukwaani anagawa midoli, na watu wa runinga walikuwa wamempangia taa. Hermelinda akapanda jukwaani na mtoto mgongoni, kikapu mikononi, jasho likimtiririka mpaka shingoni.

"Bi Perla, nimekuletea kikapu," akasema. "Ukikipokea, mimi na wewe ni komadre mbele ya Mungu na mbele ya soko."

Bi Perla aliitazama kamera, akamtazama mtoto wa bango na vishimo vyake, akaona picha nzuri kuliko zote alizowahi kupata. Akakipokea. Wakakumbatiana, wakamwagiana karatasi za rangi vichwani kama inavyopasa, watu wakapiga vigelegele. Hapo Hermelinda akaung'ang'ania mkono wa mwenzake.

"Komadre, la kwangu ni moja tu. Mwezi wa Tano, madaktari wakija, Zulema awe wa kwanza kwenye orodha."

Tabasamu la Bi Perla halikuondoka, lakini lilikauka.

"Hayo tutayaangalia ofisini, mpenzi wangu."

"Kwa Bi Perla ningekuja ofisini. Kwa komadre naomba hapa hapa."

Kipaza sauti cha runinga kilikuwa katikati yao. Mpiga ngoma aliyekuwa karibu aliacha kupiga ili asikie. Bi Perla alitazama chini, akaona nyuso mia tatu za wanawake, kila mmoja na kikapu chake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anacheka. Akasema kwa sauti ya juu na tamu kuwa nani awezaye kumkatalia komadre wake, mtoto atakuwa wa kwanza, wa kwanza kabisa. Hermelinda akambusu mkono. Aliposhuka jukwaani aliketi kwenye ngazi na mtoto mgongoni, akalia kwa kwikwi huku Zulema akimsihi anyamaze, watu wanaangalia.

Wakampasua mwezi wa Tano. Hilo lisisimuliwe kama muujiza. Lilikuwa ni maumivu. Miguu miwili iliwekwa plasta tangu kiunoni, ikakaa hivyo wiki nyingi, na Zulema alimtukana mama yake, madaktari na malaika mlinzi wake kwa ule ufasaha wa wapagazi. Mwezi wa Kumi, kwenye kibanda cha saice, alishika meza kwa mikono yote miwili, akasimama. Alisimama muda wa mtu kuhesabu mpaka kumi na moja. Hermelinda alikuwa na mwiko mkononi na furaha ilimjaa hata akausahau. Saice ya siku hiyo iliungua, na wateja walikula bila kunung'unika, jambo ambalo halijatokea tena.

Shida ilikuwa bango. Lilikuwa bado liko juu, likiomba NISAIDIE NISIMAME, na chini yake, siku hizi, mwenye bango alikuwa anapita na magongo mawili akinyonya barafu. Watu wema walikasirika. Mama mmoja alimsimamisha Hermelinda barabarani na kumwambia kuwa yeye alichangia kwa ajili ya mtoto asiyesimama, sasa huyu anatembea, je, huo si udanganyifu? Mabibi wa chai nao waliona kuwa binti amefanya haraka mno. Angeweza kungoja walau kampeni iishe.

Hermelinda aliyasikia hayo akacheka. Kwake mambo yalikuwa yamekwisha. Alisahau kitu ambacho kila mtoto wa Tarija anakijua: kikapu hurudi, na kikirudi huja na mdomo wake. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Alhamisi ya komadre ya mwaka uliofuata, Bi Perla aliingia Soko la Wakulima. Kikapu chake kilibebwa na wanaume wawili. Nyuma yake walikuja mabibi sita wenye aproni, Efraín na kamera yake, na dereva akikisukuma kile kiti kikubwa cha magurudumu, ambacho shirika lilikuwa limekichukua "kukifanyia usafi". Soko zima likaacha biashara. Bi Perla alikumbatia, alibusu, alimwaga karatasi za rangi, akafanya kila kitu kwa utaratibu kuliko hata wazee wa mila. Kisha akaushika mkono wa Hermelinda, akaung'ang'ania.

"Komadre, mwaka jana uliniomba, sikukukatalia. Leo zamu yangu. Naomba Zulema akae kwenye kiti. Dakika tano tu, picha moja ya bango la mwaka huu. Watu wamezoea kumwona amekaa."

Mbele ya Hermelinda walikuwa wale wale waliompa mapichi na jibini na mrehani, wanamwangalia. Akikataa, yeye ndiye aliyekula wema wa komadre akautema, na neno lake sokoni halitakuwa na thamani ya ganda la kiazi. Akikubali, atamwambia nini binti yake? Kwamba miguu ilikuwa ya kuazima? Alimchukia Bi Perla, na zaidi alijichukia mwenyewe kwa kujiona mjanja mwaka mzima.

"Mimi siwezi kukukatalia, komadre," akasema mwishowe, polepole. "Lakini miguu si yangu. Muulize mwenyewe."

Zulema alikuwa kando ya sufuria, gongo moja kwapani, anamenya njegere. Bi Perla aliinama mpaka usawa wa uso wake, akamlainishia sauti.

"Zulema, malaika wangu, utakaa kidogo kwa ajili ya watoto wenzako?"

Binti akakitazama kiti. Akamtazama Bi Perla, aproni yake, nywele zake. Hakuonekana kukasirika, alionekana kama mtu anayefikiria jambo la haki.

"Mimi nimekaa miaka minane," akasema. "Kaa wewe."

Wa kwanza kucheka alikuwa Efraín, nyuma ya kamera, na yeye ndiye aliyekuwa na kazi ya kupoteza. Kisha soko lote likacheka, wauza viazi, wauza jibini, wapagazi, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Bi Perla naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo, kwa sababu mtu aliye mbele ya kamera hana la kufanya zaidi ya hilo. Hakukaa. Alikipangusa kiti kwa leso, akampungia mkono dereva.

Bi Perla hakuwa mjinga wa kutoka nyumbani na mtoto mmoja. Kutoka kwenye gari aliletwa msichana mdogo kutoka mji wa Padcaya, magoti yamekunjika vile vile, macho makubwa meusi yanayoweza kuliza mawe. Wakamkalisha kwenye kiti, akazama humo hata miguu isionekane. Wakampa puto. Mabibi wakapiga makofi, Efraín akafuta machozi ya kicheko akapiga picha, na ya pili, na ya tatu. Msafara ukaanza kukusanya vitu vyake.

Wenzake walikuwa wanamgonga Hermelinda mgongoni, wanamsifu kwa binti aliyemzaa, naye alikuwa anacheka nao. Kisha akamwona mwanamke mmoja kijana amesimama nyuma ya kamera, mkoba ameushika kwa mikono miwili, anatabasamu kama alivyofundishwa. Alikuwa anakitazama kiti kwa shukrani. Mdomoni alikuwa na makombo ya keki.

Kicheko kikamwishia Hermelinda tumboni. Akawapita wenzake, akampita komadre wake bila kumwangalia, akasimama mbele ya yule mama.

"Mwanao ana miaka mingapi?"

"Mitano na nusu, mama." Yule kijana alitabasamu zaidi. "Wamesema kuhusu madaktari, wataangalia."

Hermelinda akahesabu kwa vidole, mbele yake, bila haya.

"Basi tuna Alhamisi mbili za komadre kabla hajatimiza minane," akasema, akamvutia benchi na kumpakulia sahani.